Gari Ikiwa Baridi

Wazee wetu wa Vitongoji hawakuwa watu wa kuuziwa kitu kwa sura. Nani angempa ami yangu mpeta akamwambia ni karafuu? Alikuwa akitia mkono mpaka chini ya gunia, maana ya juu siku zote huwa nzuri, akachukua punje moja na kuivunja kwa ukucha. Iliyokauka huvunjika kwa mlio. Ambayo haijakauka hupinda tu. Basi mtu huyohuyo alinunua gari kwa kutazama rangi.

Siandiki haya kumcheka. Baada ya Mapinduzi ya 1964 biashara ya bidhaa za nje ilikuwa mikononi mwa mashirika ya Serikali, na gari kwa mtu wa shamba ilikuwa kitu cha kupanda, si cha kununua. Mwaka 1984, Ali Hassan Mwinyi akiwa Rais wa Zanzibar, biashara ikalegezwa. Zikaanza kuja gari zilizokwishatumika, za Dubai na za Japani. Wajapani, kama sisi, hupita kushoto na usukani wao uko kulia. Tena kwao gari ya mtu binafsi hukaguliwa kila miaka 2 baada ya ukaguzi wa mwanzo, na gharama zake huwafanya wengi waiache ingali inatembea. Gari ikashuka bandarini tayari kwa barabara zetu. Ujuzi wa kuikagua haukushuka nayo.

Ya ami ilikuwa Hiace. Tulipokwenda Chake Chake kuichukua tuliikuta inanguruma. Muuzaji alisema ametuwashia ili tusingoje. Tukamshukuru! Tukarudi kwa njia ya Wawi bila ya tatizo. Siku ya tatu, imejaa abiria kwenye vilima vya kwendea Mkoani, maji yakachemka. Fundi akachomoa kijiti cha oili: oili imekuwa kama chai ya maziwa.

"Mzee wangu," akauliza, "siku mliyoinunua mliikuta baridi au ya moto?"

Gari mbovu huyaficha mengi ikishapata moto. Gusa boneti kabla ya kuzungumza bei. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Ikiwa baridi, fungua rejeta, iwashwe mbele yako: mapovu yasiyokoma hutokana na gasketi. Moshi mweupe wa asubuhi hupotea. Usipopotea na maji yakapungua, ni maradhi hayohayo. Wa buluu ni oili inayoungua, mara nyingi ringi zimechoka. Mweusi ni mafuta kuzidi, na huo si wa kukimbiwa. Kisha nyanyua mazulia, kwani kwa watu wa pwani kama sisi kutu huanzia chini, rangi ikiwa bado inang'aa.

Fundi alisema silindahedi imepinda, lazima ikachongwe. Fedha ya karafuu ilikwisha kwenda yote katika kununua, na ami hakukubali kulipa mpaka aoneshwe. Fundi akalaza juu yake chuma kilichonyooka, mwanga ukapita chini. Ami akainama, akatazama kwa muda mrefu, halafu akapitisha ukucha kwenye ule mwanya.