Digrii nyingine ya kompyuta kwa mhitimu aliyeko Bariadi: njia, vigezo na makato

Mwalimu wa Historia anayefundisha Maswa au Itilima, mwenye digrii mkononi, akisema anataka "digrii ya pili ya kompyuta", watu humwelewa tofauti. Kwa Tanzania shahada ya pili ni ya uzamili. Kurudi kusoma shahada nyingine ya kwanza ni kitu kingine kabisa, na hapo ndipo wengi hukosea fomu.

Kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kuanza upya shahada ya kwanza ya Sayansi ya Kompyuta, kwa kawaida miaka mitatu. Udahili unafuata mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) unaotolewa kila mwaka, na kikwazo kikubwa ni Hisabati. Aliyesoma PCM, PGM au EGM yuko vizuri. Wa HGL au HKL atabanwa, maana kozi nyingi za Sayansi ya Kompyuta zinataka Hisabati ya kidato cha sita, hata kama digrii ya kwanza aliipata kwa GPA ya juu. Baadhi ya kozi za TEHAMA zina masharti mepesi zaidi, hivyo asome kigezo cha kila kozi, siyo jina la chuo tu.

Njia ya pili ni stashahada ya uzamili, daraja la kuvukia kwa aliyetoka fani nyingine. Ya tatu ni uzamili moja kwa moja. Hii kwa kawaida inataka GPA ya 2.7 au zaidi, na vyuo vingi hutaka digrii ya kwanza iwe ya kompyuta au fani ya karibu.

Ipi inafaa? Inategemea anataka kazi gani. Matangazo ya serikali ya Afisa TEHAMA Daraja la II hutaja shahada ya fani ya kompyuta, kwa hiyo anayelenga ajira hiyo ana sababu ya kukaa darasani miaka mitatu. Anayetaka kujiajiri, au kutengeneza mifumo ya AMCOS za pamba, hana sababu hiyo. Stashahada na kazi zinazoonekana zinamtosha.

Sasa pesa. Bodi ya Mikopo (HESLB) kwa shahada ya kwanza inalenga waliomaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano na wasio na kipato. Mwalimu aliyeajiriwa hayumo, kwa hiyo asihesabu bumu. Tena kama alisoma kwa mkopo, anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwenye mshahara wa 800,000 ni 120,000 kila mwezi, kabla ya kulipa ada mpya, ambayo kwa kozi hizi mara nyingi huzidi milioni moja kwa mwaka. Nafuu iliyopo ni ile ya 2021, serikali ilipofuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo.

Mtumishi wa halmashauri aombe ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla ya kuondoka. Akae pia akijua kwamba cheti kipya hakimhamishi kada chenyewe: kubadilishiwa kada kuna utaratibu wake, na kunaweza kumrudisha chini kimshahara. Wengi hushtukia hili wakiwa wameshahitimu.

Asiyetaka kuacha kazi aanze kuuliza Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu wa aina hii. Hakuna haja ya kuhamia Dar. Kazi ni kutenga bando na saa za usiku. IFM nayo iliichagua Simiyu kujenga kampasi chini ya mradi wa HEET ulioanza 2021. Kabla ya kujaza fomu aulize kozi zipi zinafundishwa hapo, zipi ziko Mwanza au Dar. Anayeweza kuondoka kabisa ana UDOM, yenye ndaki nzima ya kompyuta, na UDSM kule Kijitonyama.

Vyuo vya mtandaoni vya nje vipo pia. University of the People ya Marekani haitozi ada ya masomo ila hutoza kila mtihani, na Chuo Kikuu cha London kina shahada ya kompyuta kwa intaneti tangu 2019. Hapo asilipe hata senti kabla ya kuuliza TCU kama cheti hicho kitatambuliwa nchini, kwa sababu bila utambuzi huo hakitamsaidia kwenye ajira ya serikali.