Njiwa wa Mhunzi: Ndege Mjumbe Katika Ngano ya Wakikuyu

Wamaranao wa kisiwa cha Mindanao, nchini Ufilipino, humchonga ndege wao wa kisasili, sarimanok, akiwa na samaki mdomoni au kuchani, na humhesabu kuwa dalili ya neema. Wakikuyu nao wana ndege wao, ila huyu hachongwi, huimbwa. Makala haya yanadai kuwa maana yake ya kiroho imo katika wimbo huo na katika deni linaloutangulia.

Ngano yenyewe yafahamika sana. Mhunzi yu mbali kiwandani pake, mkewe amejifungua, na zimwi limejifanya mwuguzi. Hupika chakula, humwonyesha mzazi, kisha hukila lenyewe. Siku moja mama aanika mbegu za mbarika. Njiwa aja kuzila. Wapatana: atakula, naye atapeleka ujumbe. Njiwa aruka hadi kiwandani, aimba. Mhunzi arejea nyumbani, na zimwi lauawa.

Ni rahisi kumwita njiwa msaidizi wa kimiujiza na kuishia hapo. Istilahi hiyo haitoshi. Zaidi ya mabawa na sauti, njiwa hana uwezo wowote. Nguvu yake yatokana na agano. Mama mwenye njaa ndiye alishaye, na aliyelishwa hulipa kwa kusema kweli. Zimwi nalo hula bila kulipa. Utakatifu wa ndege huyu, basi, ni uaminifu wa mla kwa mlishaji.

Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe, na fasihi simulizi ipewe nafasi ya msingi. Mkutano wa mwaka 1974 katika Nairobi School uliielekeza hoja hiyo kwenye ufundishaji wa shuleni. Ushindi huo ulikuwa na gharama yake: ngano ilipogeuzwa maandishi ya mtihani, wimbo ulibaki mistari ya kuchambuliwa. Ilhali wimbo ndipo hadhira ilipoitikia, na kila aliyeitikia alishiriki ujumbe.

Mtoto anayekulia Hurlingham leo huenda akakutana na njiwa huyu kitabuni kwanza. Hatuna budi kumrudishia kiitikio darasani. La sivyo, tutakuwa tumeila ngano bila kuufikisha ujumbe wake.