Mashabiki wa Grateful Dead: Miaka 30 ya kufuata konsere, muji kwa muji

Mu historia ya muziki wa roki, kuna makundi yenye yaliuzisha diski mingi kuliko Grateful Dead. Lakini ni vigumu kupata kundi lingine lenye mashabiki wake walisafiri namna ile kusudi waone konsere. Tangu 1965 mpaka 1995, kundi hilo la California, mu Marekani, lilipiga konsere zaidi ya 2,300. Kuna watu wenye waliona moja, kuna wenye waliona kumi, na kuna wenye walifika mia na kupita.

Watu hao wanaitwa Deadheads. Mu makala hii tunaeleza walikuwa wanatafuta nini, walikuwa wanaishi namna gani mu safari, na ilikuwa namna gani mwaka wa mwisho mambo ikaharibika mikononi mwa watu wenye walisema wanapenda kundi hilo.

Ni kundi gani?

Grateful Dead ilianzia karibu na muji wa San Francisco mu 1965, kwanza kwa jina la Warlocks. Mwanzoni walikuwa watu watano: Jerry Garcia kwa gitare ya solo, Bob Weir kwa gitare ya pili, Phil Lesh kwa base, Ron McKernan kwa kinanda na harmonika, na Bill Kreutzmann kwa ngoma. Mu 1967 mupiga ngoma wa pili, Mickey Hart, aliingia. Wengine walikuja kisha, wengine walikufa ao walitoka, lakini Garcia, Weir, Lesh na Kreutzmann walibaki mpaka mwisho.

Kwa nini kuona kundi moja mara mia?

Hii njo ulizo la kwanza la mutu yeyote. Ukiisha kuona konsere moja, ya pili inakuletea nini?

Jibu ni kwamba Grateful Dead haikuwa inarudilia konsere moja mara mbili. Hawakuwa na liste moja ya nyimbo ya kupiga kila muji. Wimbo ulipigwa leo kwa dakika saba, kesho unaweza kwenda dakika ishirini na kitu, na kuingia mu wimbo mwingine bila kusimama. Hapa kwetu mutu mwenye anajua sebene atasikia upesi. Maneno yanakwisha, gitare inashika njia, na hakuna mutu anajua itarudi saa ngapi. Tofauti ni hii: mu sebene muchezaji wa gitare anajua watu wanataka kucheza, kwa hiyo mwendo haupotei. Grateful Dead walikubali hata mwendo upotee. Mu sehemu ya pili ya konsere walikuwa na wakati wa ngoma peke yake, kisha wakati wa sauti tu, bila wimbo hata moja.

Usiku mwingine ilitoka vibaya, na mashabiki wenyewe walisema wazi kama leo hawakupiga vizuri. Lakini walirudi, sababu usiku wa kesho unaweza kuwa ule watu watazungumuzia miaka yote. Wengi waliandika mu daftari kila wimbo, tarehe na pahali. Tangu 1987 daftari hizo zilikusanywa mu kitabu kinaitwa DeadBase, chenye kinaonyesha walipiga nini, siku gani, mu muji gani.

Maisha ya barabarani

Mu 1971 kundi liliandika mu ganda la diski yao tangazo fupi: mashabiki watume majina na adrese. Barua zilikuja kwa maelfu. Tangu hapo Deadheads walikuwa wanapata habari kwa posta, na wakaanza kujua kama hawako peke yao.

Safari ilikuwa namna hii. Kundi linatangaza miji ya kwenda. Mashabiki wanajikusanya wanne, watano, mu motokari moja ya zamani, mara mingi kombi ya Volkswagen. Wanaendesha usiku, wanafika asubui, wanalala pale motokari zinasimama. Feza ya esanse na ya tiketi inatoka wapi? Wengi waliitafuta palepale. Inje ya uwanja kulikuwa soko: mikate ya kuoka yenye fromaji ndani, supu, mashati ya rangi zenye kuchanganyikana, mikufu, mapicha. Soko hilo liliitwa Shakedown Street, jina la wimbo na la diski yao ya 1978.

Tiketi yenyewe ilikuwa na ufundi wake. Kuanzia 1983 kundi lilifungua ofisi yake ya kuuzisha tiketi kwa posta. Shabiki alituma barua na feza. Wengi walichora maua na mifupa yenye kucheza juu ya anvelope, wakitumaini kama anvelope nzuri itapewa tiketi nzuri. Mwenye alikosa alisimama inje, kidole kimoja juu. Kidole hicho kilimaanisha: natafuta muujiza, tiketi ya bure. Neno hilo lilitoka mu wimbo wao I Need a Miracle. Na kweli, kulikuwa watu wenye walinunua tiketi mbili kusudi moja wamupe mutu wasiyemujua.

Kusikia ni kazi

Mu miaka ya 1960, kwenda konsere kubwa ya roki ilikuwa mara mingi kuona bila kusikia. Vipaza-sauti vilikuwa vidogo, makelele ya watu ilivifunika. Mu 1974 Grateful Dead walijaribu kumaliza shida hiyo kwa chombo kilichoitwa Ukuta wa Sauti: zaidi ya vipaza-sauti 500 vyenye kupangwa nyuma ya wapigaji, uzito wa tani kama 75. Kila chombo cha muziki kilikuwa na vipaza-sauti vyake, na mutu wa mbali kabisa alisikia gitare bila kuchanganyikiwa. Kulikuwa majukwaa mawili: wakati moja linatumika, lingine liko tayari mu kamyo, linaenda muji wenye kufuata. Feza yenye ilikwenda ilizidi nguvu. Mu mwezi wa kumi wa mwaka ule ule kundi lilisimamisha safari, na lilirudia mu 1976.

Viziwi pia walikuwa Deadheads. Walishika baloni mikononi, na baloni ikawaletea mutetemo wa base. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walianza kupewa nafasi yao karibu na jukwaa, na mutu wa kutafsiri maneno mu luga ya alama.

Kaseti: mali ya wote

Makundi mengi yalifukuza mutu mwenye kuingia na mashine ya kurekodi. Grateful Dead waliacha watu warekodi. Mu mwezi wa kumi wa 1984 waliwatengea hata nafasi, nyuma ya meza ya mutu wa sauti, na tiketi yao ya pekee. Sababu ingine ilikuwa ya kawaida tu: miti ya mikro ilikuwa mingi, ikafunika macho ya wengine.

Sheria ilikuwa moja: hapana kuuzisha. Ukitaka konsere fulani, unatumia mutu kaseti tupu na feza ya posta, anakurudishia imejaa. Kwa njia hiyo kijana mwenye alikaa mbali kabisa na California alisikia konsere ya wiki iliyopita, na akapanga safari yake ya kwanza. Redio hazikuwa zinapiga sana nyimbo za kundi hilo. Ni mashabiki njo walikuwa redio.

Mufano unaojulikana sana ni konsere ya tarehe 8 mwezi wa tano 1977, mu Barton Hall, chuo kikuu cha Cornell, jimbo la New York. Watu walitoka ndani na kukuta teluji imeanguka, na ni mwezi wa tano. Kaseti ya usiku huo ilirekodiwa na Betty Cantor-Jackson, fundi wa sauti wa kundi. Kisha vitu vyake, pamoja na kaseti zake, viliuzishwa kwa munada mu miaka ya 1980 sababu kodi ya depo haikulipwa. Watu wenye walinunua walizitengeneza, nakala zikatembea mukono kwa mukono. Maktaba ya Bunge ya Marekani iliweka kaseti hiyo mu liste yake ya 2011 ya sauti za kulindwa kwa faida ya inchi. Diski ya kweli ilitoka mu 2017, kiisha miaka 40.

Mara moja, Afrika

Grateful Dead walikanyaga Afrika mara moja, mu Misri. Tarehe 14, 15 na 16 mwezi wa tisa 1978 walipiga Giza, chini ya Sfinksi na piramidi. Mashabiki wengine walipanda ndege toka Marekani kuwafuata, na wakaaji wa pale walikuja kutazama. Hamza El Din, mwanamuziki wa Nubia, alipiga pamoja na watu wa kwao, na kundi likaingia mu mwendo wao polepole. Bill Kreutzmann alikuwa amevunjika mukono, alipiga ngoma kwa ule wenye ulibaki. Usiku wa mwisho mwezi ulifunikwa kabisa na kivuli cha dunia. Muziki haukutoka vile walikuwa wanataka, na wenyewe walikubali. Diski ya konsere hizo haikutoka mpaka 2008.

Upande wenye haufurahishi

Dawa za kulevya zilikuwa nyingi mu safari hizo, na ziliharibu maisha ya watu, wapigaji na mashabiki pia. Garcia mwenyewe alipambana na heroini kwa miaka mingi. Mu miaka ya 1980 mashabiki wenye waliacha pombe na dawa waliunda kikundi chao, Wharf Rats. Kila konsere, wakati wa mapumuziko, walikusanyika chini ya baloni za rangi ya manjano. Mutu mwenye alipata majaribu alitafuta baloni hizo, akakuta watu wa kuzungumuza naye mpaka muziki urudie.

Shida ya pili ilikuja na feza. Mu 1987 wimbo Touch of Grey uliingia kati ya kumi za kwanza mu Marekani. Watu wapya walikuja kwa maelfu, na wengi hawakuja kusikiliza. Walikuja kwa ambianse ya inje, bila tiketi. Mu 1989 kundi lilianza kukataza soko na kulala inje ya viwanja, sababu miji ilikuwa inawafungia milango.

Tarehe 2 mwezi wa saba 1995, Deer Creek, jimbo la Indiana, maelfu ya watu bila tiketi walivunja uzio na kuingia kwa nguvu. Wengine wenye walikuwa ndani waliwapigia makofi. Usiku ule Garcia alikuwa ametishiwa kuuawa, na taa za ukumbi ziliachwa zikiwaka wakati wa kupiga. Polisi walikataa kurudi kulinda siku ya kufuata, na konsere ya pili ilifutwa. Watu wenye walilipa tiketi yao na kusafiri siku mbili walirudi mikono mitupu. Kundi liliandikia mashabiki barua: asiye na tiketi abaki nyumbani, ao safari zitakwisha.

Zilikwisha kweli, lakini kwa sababu ingine. Konsere ya mwisho ilikuwa tarehe 9 mwezi wa saba, Soldier Field, Chicago. Tarehe 9 mwezi wa nane Jerry Garcia alikufa, na miaka 53.

Hii inatuhusu namna gani?

Hapa Congo tunajua uchungu wa uwanja wenye kujaa kupita kipimo. Tarehe 29 mwezi wa kumi 2022, mu konsere ya Fally Ipupa kwenye uwanja wa Martyrs, Kinshasa, watu 11 walikufa mu musukumano, kati yao polisi 2. Walitoka nyumbani kwenda kufurahi.

Deer Creek hakukufa mutu, lakini njia ni moja. Watu wa nyuma wanasukuma, hawaoni kinachofanyika mbele. Wa mbele hawana pa kwenda. Mutu anakosa pumuzi akiwa amesimama, kabla hata ya kuanguka. Kwa hiyo, ukienda konsere, angalia milango ya kutokea mbele muziki haujaanza. Ukiona mikono yako haiwezi tena kupanda kifuani, usingoje wimbo ukwishe: toka pembeni, kidogo kidogo, wakati watu wanapumua. Shika mikono kifuani kama ndondi kusudi mapafu yapate nafasi. Mutu akianguka, musimamishe mbele ya kitu kingine chochote. Na ukikuta mulango umefungwa na watu wanasukuma, rudi nyumbani.

Leo

Wenye walibaki waliendelea kwa majina mengine. Mu 2015, kwa miaka 50, walirudi Soldier Field kwa siku tatu na uwanja ulijaa. Mwaka ule ule Bob Weir na wenzake walianza kundi la Dead & Company, lenye safari yake kubwa ya mwisho ilikuwa 2023. Phil Lesh alikufa mu mwezi wa kumi 2024, na miaka 84. Mu mwezi wa nane 2025, Dead & Company walipiga siku tatu mu Golden Gate Park, San Francisco, kwa kukumbuka miaka 60.

Kaseti za zamani ziko sasa mu intaneti, maelfu ya konsere, na mutu wa Bukavu, Goma ao Uvira mwenye ana mega kidogo anaweza kuzisikiliza. Nyingi zilirekodiwa na mutu mwenye alisimama kati ya wengine na mikro juu ya muti, akinyamaza saa tatu nzima kusudi sauti yake isiingie.