Gro for GooD: Historia Fupi ya Utafiti wa Maji ya Ardhini Kwale

Gro for GooD ulikuwa mradi wa utafiti wa maji ya ardhini uliofanya kazi katika kaunti ya Kwale kuanzia mwaka 2013 hadi 2019. Serikali ya Uingereza ndiyo iliyoulipia na Chuo Kikuu cha Oxford ndicho kilichouongoza, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Katalunya kilichoko Barcelona, na Rural Focus, kampuni ya wahandisi wa maji ya Kenya. Kazi yake ilikuwa kujua maji yaliyo chini ya ardhi ya Msambweni, Diani na jirani zake: ni mengi kiasi gani, yanatoka wapi, nani anayateka, na yatawatosha akina nani mvua zikikosa. Mizizi ya kazi hiyo ni mirefu kuliko umri wa mradi wenyewe, kwa sababu Kwale ilikuwa uwanja wa majaribio ya maji tangu miaka ya 1980.

Maji ya kusini mwa pwani huanzia Vilima vya Shimba, ambavyo hupata mvua nyingi kuliko nyika ya Kinango iliyo nyuma yake. Chemchemi za Marere, ndani ya msitu wa vilima hivyo, zimekuwa zikipeleka maji Mombasa tangu enzi ya ukoloni. Mto Mkurumudzi hushuka kutoka huko hadi ghuba ya Gazi, na Ramisi hupita kusini yake. Sehemu ya mvua ya masika na ya vuli haifiki mtoni, huzama. Karibu na bahari huingia katika mchanga na matumbawe ya kale, ambamo kisima kilichochimbwa kwa mkono hupata maji bila kwenda chini sana. Chini ya hayo yote yapo mawe ya mchanga ya Duruma, ambayo maji yake hufikiwa kwa visima virefu vya mashine. Ufukweni, maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Yakivutwa kwa pupa, chumvi hupanda, na kisima kilichoharibika hivyo huchukua muda mrefu kupona.

Mwaka 1983, ndani ya muongo ambao Umoja wa Mataifa uliutenga kwa ajili ya maji ya kunywa (1981–1990), vijiji vya pwani ya kusini vilichaguliwa kuwa mahali pa kujaribia pampu za mkono. Fedha zilitoka kwa serikali ya Sweden kupitia shirika lake la maendeleo, SIDA, na kwa mpango wa dunia nzima wa kupima pampu ulioendeshwa na UNDP na Benki ya Dunia. Serikali ya Kenya iliingia kupitia wizara ya maji. Pampu nyingi za wakati ule zilikuwa nzito. Kuzifungua kulihitaji gari la kunyanyulia na fundi kutoka mbali, na pampu ikiharibika kijiji kilirudi kwenye bwawa. Wahandisi walitaka pampu ambayo wanakijiji wangeifungua wenyewe kwa zana chache. Kutokana na majaribio ya Malawi na ya Kwale ilizaliwa Afridev. Mchoro wake uliachwa wazi ili kiwanda chochote kiitengeneze, na pampu hiyo leo inatumika katika nchi nyingi za Afrika na Asia.

Pamoja na chuma kulikuwa na watu. Shirika la KWAHO, ambalo kazi yake ni maji na afya, liliingia vijijini kuunda kamati za visima na kufundisha wanawake kuzitunza pampu na kushika hazina. Katika jamii ambamo ufundi ulihesabiwa kuwa kazi ya wanaume, mwanamke wa Kidigo aliyepanda juu ya kisima na spana mkononi alikuwa jambo jipya. Mradi wa wilaya uliofuata ulieneza pampu hizo hadi katikati ya miaka ya 1990, kisha wafadhili wakaondoka.

Kilichobaki kilikuwa pampu na kamati, bila mtu wa kuzifuatilia. Hapakuwa na ofisi yenye bajeti ya kurudi kila mwaka kuuliza ni pampu ngapi zinafanya kazi, maji yameshuka kiasi gani, au fedha za kamati zimefikia wapi. Hilo ndilo pengo kubwa katika historia hii: kwa karibu miaka ishirini Kwale ilikuwa na visima vingi vilivyojengwa vizuri na kumbukumbu chache sana. Watafiti waliporejea mwaka 2013 walizunguka na kuhesabu Afridev katika maeneo zaidi ya 500. Nyingi zilikuwa zimenyamaza. Mtafiti Tim Foster alifukua madaftari ya zamani ya kamati za visima na kuyatumia kueleza, kwa muda wa miongo kadhaa, kwa nini vijiji vingine viliendelea kuchangia pampu na vingine viliacha. Karatasi zilizotunzwa na wahazini wa kijiji zikawa data ya kisayansi ambayo hakuna taasisi iliyokuwa nayo.

Nchi nayo ilikuwa imebadilika. Katiba ya 2010 ilitaja maji safi ya kutosha kuwa haki ya kila mtu, na kuanzia Machi 2013 huduma za maji zikawa jukumu la serikali za kaunti. Watu wa Kwale walikuwa 649,931 katika sensa ya 2009. Kufikia 2019 walikuwa 866,820. Kampuni ya Base Titanium ilianza kuchimba madini ya mchanga mwishoni mwa 2013, ikiwa imejenga bwawa kwenye mto Mkurumudzi na kuchimba visima virefu Gongoni. Kampuni ya sukari ya KISCOL ilifufua kilimo cha miwa pale Ramisi, ambako kiwanda cha zamani kilifungwa mwaka 1988, safari hii kwa kumwagilia. Hoteli za Diani ziliendelea kuvuta visima vyao. Mgodi, shamba, hoteli na mama mwenye ndoo walikuwa wakiteka katika mfumo mmoja wa maji, na hapakuwa na aliyejua hesabu yake yote.

Fedha za kufanya hesabu hiyo zilitoka katika mpango ulioitwa UPGro, wa utafiti wa maji ya ardhini kwa manufaa ya maskini wa Afrika kusini mwa Sahara. Uliwekewa takriban pauni milioni 12 na taasisi tatu za umma za Uingereza: idara ya maendeleo ya kimataifa iliyojulikana kama DFID, baraza la utafiti wa mazingira na baraza la utafiti wa uchumi na jamii. Utaratibu wake ulikuwa wa hatua mbili. Mwaka 2013 zilitolewa ruzuku ndogo za kuanzia kwa miradi 15, kila mmoja ukipewa muda mfupi wa kuonyesha kwamba swali lake lina maana. Kisha mitano ikapewa fedha za miaka kadhaa kuanzia 2015. Gro for GooD ulikuwa mmoja wa hiyo mitano. Utaratibu huo ulikuwa wa busara, kwa sababu ruzuku ya kwanza iliwapa watafiti nafasi ya kuzungumza na wenyeji, kampuni na maofisa kabla ya kuandika ombi kubwa. Mradi uliongozwa na Rob Hope wa Oxford, na upande wa Nairobi ulikuwa chini ya mwanajiolojia Dan Olago. Mamlaka ya kusimamia rasilimali za maji, serikali ya kaunti, Base Titanium na KISCOL wote walikuwa washirika.

Sehemu ya fedha ilisomesha wanasayansi. Núria Ferrer wa Barcelona aliandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya matabaka ya maji ya Kwale. Jacob Katuva, Mkenya aliyesoma Oxford, alichunguza uhusiano wa maji ya ardhini na hali ya maisha, akitumia taarifa za kaya zaidi ya 3,000 zilizohojiwa Kwale. Johanna Koehler, pia wa Oxford, alikwenda mbali zaidi ya pwani na kuuliza serikali zote 47 za kaunti jinsi zilivyoelewa wajibu wao mpya wa maji. Hawakufundishwa darasani pekee. Mtu anayejifunza maji ya ardhini hana budi kupima kina cha maji katika kisima kilekile mara kwa mara, masika na kiangazi, mpaka namba zianze kueleza kitu, na kazi hiyo haiwezekani bila vijana wa eneo wanaojua njia, wanaojua mwenye kisima, na wanaojua jinsi ya kuomba ruhusa kwa Kidigo. Wakusanyaji data hao ni nadra kutajwa kwenye jalada la tasnifu, lakini bila wao hakuna tasnifu.

Mbinu zilizotumika zinastahili kuelezwa, kwani zilitokana na uhaba. Eneo halikuwa na mtandao wa kutosha wa visima vya kupimia. Watafiti waliomba rekodi ambazo mgodi na shamba la miwa walikuwa tayari wanaziweka kwa faida yao wenyewe, wakaziunganisha na vipimo vyao. Kwa hoteli, walitumia picha za satelaiti za Google Earth pamoja na taarifa za tovuti ya Trip Advisor kukisia maji yanayotumika, wakathibitisha kwa mahojiano. Pampu za mkono nazo zikageuzwa kuwa vyombo vya kupimia. Mapema zaidi, watafiti wa Oxford walikuwa wamejaribu Kyuso, kaunti ya Kitui, kifaa kidogo kinachofungwa ndani ya mkono wa pampu, kilichohesabu mijongeo yake na kutuma idadi kwa ujumbe wa simu. Kwale ilichukua wazo hilo hatua moja mbele. Mtikisiko wa mkono wa pampu hubadilika kidogo maji yanapokuwa mbali zaidi, kwa kuwa safu ya maji inayoinuliwa huwa ndefu na nzito. Kompyuta ikifundishwa kutambua tofauti hiyo, kila Afridev inaweza kukisia kina cha maji yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la kimataifa la Environmental Modelling & Software.

Ukame wa 2016 na 2017, uliohusishwa na La Niña, ulikuja mradi ukiwa katikati ya kazi. Kwa wakulima na wafugaji wa Kinango ulikuwa msiba. Kwa watafiti ulikuwa nafasi ya kuona mfumo wa maji kabla, wakati na baada ya mvua kukosekana, huku mgodi na shamba wakiongeza uvutaji. Vipimo vilivyochukuliwa mfululizo viliwezesha kujengwa kwa kielelezo cha kompyuta cha matabaka ya maji ya eneo, na makala iliyotoka mwaka 2019 iliweka hadharani njia hiyo ya kupima uendelevu wa uvutaji mahali penye data chache.

Tunda jingine lilikuwa la ufundi. Katika jaribio la Kyuso, pampu iliyoharibika ilikuwa ikikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa; taarifa za simu na timu ya mafundi zilipunguza muda huo hadi chini ya siku 3. Mfano huo ulihamishiwa pwani mwaka 2014 kwa kuanzishwa kampuni ya wenyeji ya kutengeneza pampu, iliyokuja kufahamika kwa jina la FundiFix. Vijiji hulipa ada kwa M-Pesa na kampuni huahidi kufika haraka. Kwa kuwa ada za vijijini hazitoshi kubeba gharama zote, uliundwa mfuko wa udhamini wa kuziba pengo. Hapo utafiti ulitoka kwenye majarida ukawa huduma, jambo ambalo miradi ya utafiti hulifanya kwa nadra sana, na ndilo lililo karibu zaidi na yale ambayo wanawake mafundi wa miaka ya 1980 walikuwa wameanza.

Mchango wa Kenya katika kulipia elimu ya aina hii upo, ingawa umekuwa mdogo. Taasisi ya Maji ya Kenya, KEWI, iliyokua kutoka shule ya mafunzo ya idara ya maji na kupewa sheria yake mwaka 2001, hufundisha mafundi na wapimaji. Sheria ya maji ya 2016 iliigeuza mamlaka ya awali kuwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo hutoa vibali vya kuteka. Sheria ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kuelekeza utengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Takwimu za 2010 zilionyesha matumizi yote ya utafiti nchini yakiwa karibu asilimia 0.8. Kiwango cha sheria hakijafikiwa, na ndiyo maana swali la maji ya Msambweni lilijibiwa kwa pauni.

Mradi ulifungwa mwaka 2019. Mwaka uliofuata DFID yenyewe ilivunjwa na kuunganishwa na wizara ya mambo ya nje ya Uingereza. Wanajiolojia wa Nairobi walipeleka ujuzi wao Lodwar, Turkana, katika mpango wa REACH uliolipiwa pia na serikali ya Uingereza. Pale Kwale, Base Titanium ilimaliza uchimbaji Desemba 2024, na mvutaji mkubwa aliyekuwa pia mtoa data mkubwa akaondoka. Visima vya Tiwi vinaendelea kuhudumia Ukunda na Diani. Vipimo vya miaka ya 2013 hadi 2019 ndivyo msingi ambao yeyote atakayepima tena mfumo huo atalazimika kuulinganishia.