Machungu ya utotoni yanavyomfuata mama hadi katika malezi

KATIKA kliniki nyingi nchini, mtoto mchanga hupimwa uzani, hudungwa chanjo na maelezo yake kunakiliwa katika kijitabu cha mama na mtoto. Mama huulizwa iwapo mwanawe ananyonya vyema. Ni nadra kuulizwa jinsi yeye mwenyewe alivyolelewa.

Ilhali swali hilo lina uzito mkubwa. Mwanamke ambaye utotoni alipigwa, alinajisiwa, alitelekezwa au alikulia katika nyumba ya ulevi na ugomvi, huenda akayabeba machungu hayo hadi siku anapompakata mwanawe wa kwanza.

Wanawake hao si wachache. Katika uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2010 kuhusu dhuluma dhidi ya watoto, asilimia 32 ya wanawake wa umri wa miaka 18 hadi 24 walisema walipitia dhuluma za kimapenzi kabla ya kutimiza miaka 18. Asilimia 66 walisema walipitia ukatili wa kimwili.

Uchunguzi wa aina hiyo uliporudiwa mwaka 2019, viwango vilikuwa vimeshuka. Hata hivyo, asilimia 45.9 ya wanawake wa umri huo walikuwa wamepitia dhuluma ya aina moja au nyingine utotoni. Waliohojiwa mwaka 2010 sasa wamepita miaka 30, umri ambao wengi huwa na watoto wa kulea.

Uhusiano baina ya machungu ya utotoni na afya ya ukubwani ulidhihirishwa na utafiti uliofanywa mjini San Diego, Marekani, kati ya 1995 na 1997. Madaktari Vincent Felitti na Robert Anda waliwauliza watu zaidi ya 17,000 kuhusu waliyoyapitia wakiwa watoto, yakiwemo kupigwa, kupuuzwa, kumshuhudia mama akidhulumiwa na kuishi na mraibu wa pombe au mihadarati.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1998. Waliopitia mambo manne au zaidi ya aina hiyo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na sonona, kuwa walevi na kujaribu kujitoa uhai kuliko wale ambao hawakupitia lolote.

Madhara hayo humfikia mtoto wa kizazi cha pili kwa njia kadhaa.

Ya kwanza ni mwili wenyewe. Mtoto anayeishi kwa hofu hujenga mwili ulio chonjo daima. Moyo humdunda upesi, misuli humkaza na homoni za kukabiliana na hatari humjaa hata pasipo hatari. Akiwa mama, kilio cha mtoto usiku wa manane chaweza kumwamshia hofu ile ile ya kale. Huenda akafoka au akaganda asijue la kufanya, kisha akajilaumu kwa kuwa mzazi mbaya.

Ya pili ni sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Mama wa aina hii anaweza kumlisha na kumwogesha mwanawe bila dosari, lakini uso wake hauna tabasamu wala jibu. Mwanasaikolojia Edward Tronick wa Marekani alionyesha uzito wa jambo hili katika miaka ya sabini. Aliwaomba kina mama wawatazame watoto wao kwa dakika chache bila kubadilisha uso. Watoto walitabasamu na kunyoosha mikono ili wajibiwe. Walipokosa jibu, waligeuka kando wakiwa wamenyong'onyea.

Ya tatu ni mazoea. Aliyelelewa kwa kiboko aghalabu huona kiboko kuwa ndiyo malezi yenyewe. Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutoadhibiwa kwa kupigwa, lakini katika nyumba nyingi mkono hutangulia neno kwa sababu ndivyo mama alivyofunzwa na mamaye.

Ya nne ni upweke. Kwa desturi zetu, mwanamke anapojifungua, mamaye huja kumwogesha mtoto na kumpikia mzazi uji. Lakini itakuwaje iwapo nyanya huyo ndiye aliyemtesa, au ndiye aliyenyamaza binti yake aliponajisiwa na jamaa? Mama huyo hubaki peke yake wakati anapohitaji watu zaidi, naye huona haya kueleza sababu.

Je, ina maana kuwa aliyeteswa lazima naye atatesa? La hasha. Wataalamu Joan Kaufman na Edward Zigler walipochambua tafiti mbalimbali mwaka 1987, walikadiria kuwa takriban asilimia 30 ya wazazi walioteswa utotoni huwatesa wanao. Kwa maneno mengine, walio wengi hawarudii waliyotendewa.

Swali basi ni nini huwatenganisha hawa na wale. Watafiti katika jimbo la Minnesota, Marekani, waliwafuatilia kwa miaka mingi kina mama maskini pamoja na watoto wao. Mwaka 1988 waliripoti kuwa walioukata mnyororo wa mateso walikuwa na mojawapo ya mambo haya: mtu mzima aliyewapenda walipokuwa watoto, ushauri nasaha wa muda mrefu, au mwenzi thabiti anayewaunga mkono.

Kabla ya hapo, mwaka 1975, Selma Fraiberg na wenzake waliandika kuhusu mama mmoja kijana ambaye mwanawe alikuwa akilia naye akawa kama asiyesikia. Badala ya kumkaripia, mtaalamu aliketi naye na kumsikiliza akisimulia utoto wake. Mama alipoanza kulia kwa ajili yake mwenyewe, alianza pia kumkumbatia mwanawe. Fraiberg alihitimisha kuwa hatari haimo katika kuyakumbuka mateso, bali katika kuusahau uchungu wake.

Eneo letu pia limechangia elimu hii. Mwaka 1954 na 1955, Mary Ainsworth aliwatembelea kina mama na watoto wachanga katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, Uganda. Aligundua kuwa mama aliyeweza kumweleza mwanawe kwa undani, anachopenda na kinachomliza, aghalabu alikuwa na mtoto mtulivu aliyemwamini. Lakini ni vigumu kumtazama mtoto kwa makini hivyo iwapo mawazo yako yametekwa na vita vya zamani.

Dalili za kutafuta msaada ni pamoja na huzuni inayozidi wiki mbili, hasira ambayo mama hawezi kuizuia, kutohisi lolote kwa mtoto, na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto. Mawazo hayo ni ya dharura na yanahitaji hospitali siku hiyo hiyo.

Mama akihisi hasira inampanda, ni heri amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje kwa dakika chache, avute pumzi na kumwita mtu. Kamwe asimtikise mtoto, kwani ubongo wa mtoto mchanga huumia upesi.

Nambari ya simu 116 hupokea bila malipo habari zinazohusu watoto, nayo 1195 huwasaidia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Muuguzi wa kliniki na mhamasishaji wa afya ya jamii kijijini ni watu wengine wa kuanzia.

Waume na jamaa nao wana wajibu. Kumpokea mtoto kwa saa moja ili mama alale, au kumuuliza hali yake na kungoja jibu, si hisani ndogo. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Na kwa mama aliyekua bila mkono wa kumshika, huo wa pili ndio utakaoamua iwapo machungu yatakoma kwake au yataendelea kwa mwanawe.