Fundo la Marobota na Manamba wa Kwetu

Leo tuzungumze juu ya fundo. La moyoni tuliache. Nasema fundo la kamba, lile linalopigwa na mashine ya kufunga marobota ya majani makavu ya ng'ombe. Mtaniuliza: Ngara na Biharamulo kuna mashine ngapi za namna hiyo? Pengine wengi wenu hamjaiona hata moja. Hata hivyo jasho la wazee wetu limo ndani yake.

Zamani wakulima wa Marekani walifunga miganda ya ngano kwa mkono. Zikaja mashine za kufunga kwa waya, na vipande vya waya vikaishia matumboni mwa ng'ombe na katika vinu vya unga. Ndipo John Appleby wa Wisconsin, aliyeanza kuliwaza jambo hilo akiwa kijana, akakamilisha mwaka 1878 kifaa cha kupiga fundo la kamba. Mwaka 1940 New Holland ya Pennsylvania ikaanza kuuza mashine ya marobota inayojifungia yenyewe, kwa fundo la ukoo uleule.

Sindano huleta kamba. Sahani huzishika ncha. Kimdomo kama cha ndege huzunguka mara moja, kikajiviringishia kamba, kikafunguka na kuziuma ncha zote mbili. Kisu hukata, na mkono wa chuma husukuma kitanzi kitoke mdomoni. Kufumba na kufumbua, fundo limekaza.

Fundi niliyemwona akihangaika nayo katika ranchi moja ya mkoa wetu hakukimbilia spana. Aliokota kwanza kamba zilizoshindikana, akazitazama. Ncha ikiwa imechanikachanika, sahani imebana mno au kisu ni butu. Ncha ikichomoka nzima, sahani imelegea. Fundo likinasa mdomoni, springi ya mdomo imekazwa kupita kiasi, au mdomo una kutu, au ule mkono haupiti karibu vya kutosha. Alizungusha nati moja, robo tu, akafunga robota, akatazama tena. Mwenye kugusa nati tatu kwa mpigo hatajua ipi iliyoponya.

Lakini kamba yenyewe ikiwa nene hapa na nyembamba pale, hakuna springi itakayoiridhisha. Na kwa miaka mingi kamba hiyo ilikuwa katani.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyosalimika hadi kupandwa upande wa Pangani ni 62. Kutokana na hiyo Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa katani, na mwaka 1964 ikazalisha zaidi ya tani 200,000. Sehemu kubwa ilisokotwa kamba za kufungia mavuno na majani ya Ulaya na Marekani.

Mashamba hayo yalihitaji watu. Mwaka 1944 wenye mkonge wakaunda SILABU, chombo cha kuandikisha vibarua kutoka mbali, hasa magharibi ya nchi. Wa kwetu wapo waliokwenda Tanga na Kilosa, ingawa wengine walipendelea pamba na kahawa ya Uganda. Wakaitwa manamba, kwa kuwa mtu alijulikana kwa namba yake. Kipande kilikuwa siku 30 za kazi, zikamilishwe ndani ya siku 42. Mzee mmoja wa Rulenge alinisimulia jinsi walivyokata majani na kuyafunga mafungu ya 30, nyapara akihesabu, miiba ikiwachoma. Nikamwuliza katani ile ilikwenda kufanya nini. "Kamba za meli, nadhani," akasema. Hakuna aliyemwambia! Ujira ulikuwa mdogo, hilo linasemwa sana. Mimi naona kufichwa huku nako ni dhuluma.

Kisha ikaja kamba ya plastiki, yenye unene mmoja na isiyooza, na kombaini zikaondoa kazi ya kufunga miganda. Bei ya katani ikaporomoka baada ya 1964. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ilizalisha kiasi cha tani 20,000 tu. Baadhi ya manamba hawakurudi tena. Walizeeka na kuzikwa hukohuko mashambani.

Fundi yule wa ranchi alitumia kamba ya plastiki ya buluu. Inateleza, akaniambia, hivyo mdomo hutaka springi ikazwe zaidi. Alipomaliza aliokota kila kipande kilichokatwa akakitia mfukoni, maana ng'ombe akikimeza hakiyeyuki.