Kirusi cha flashi: kwa nini kinarudi kila ukikifukuza

Ukiishi mitaa ya Eastlands hapa Nairobi, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Majengo ya Pumwani, bila shaka umekiona. Unachomeka flashi na kukuta mafolda yako yamegeuka vialama vyenye kijishale pembeni. Ukibonyeza, folda inafunguka kama kawaida, nawe unajua si salama. Mafaili hayajapotea. Kirusi kimeyaficha na kuweka njia za mkato mahali pake, na kila unapobonyeza, unakiendesha wewe mwenyewe.

Ujanja huu una sababu yake. Zamani Windows ilikuwa ikiendesha yenyewe programu iliyomo ndani ya flashi mara tu inapochomekwa. Conficker, iliyoibuka Novemba 2008, ilitumia mlango huo miongoni mwa mingine. Februari 2011 Microsoft iliufunga kwa flashi katika matoleo ya zamani, na Windows 7 ilikuwa imekwisha kuja ikiwa imefungwa. Tangu hapo watengenezaji virusi wanahitaji mkono wa mtu ubonyeze.

Shangazi yangu, mtu wa Lamu anayekaa Buruburu, ana kompyuta ya mezani yenye hesabu za chama cha kuzikana cha kina mama na picha za marehemu mumewe zisizopatikana kwengine. Fundi alikuja mara tatu, Sh1,500 kila safari, na kila mara kirusi kilirejea kabla ya wiki mbili. Safari ya nne akasema dawa ni kufuta kila kitu na kupiga Windows upya. Shangazi akakataa, akaniita.

Nilianza kwa maswali, si kwa programu. Nani anachomeka nini hapa? Jibu likatoka kwa binamu yangu mdogo: kila Ijumaa anapeleka flashi duka la filamu ajaziwe sinema za wiki, kisha anaichomeka kwenye kompyuta ya mama. Flashi hiyo hiyo huenda saiba kuchapisha kazi za shule. Kompyuta ya duka imepokea flashi za mtaa mzima. Hata ungeifuta ya nyumbani kila mwezi, ni kama kupulizia kunguni dawa kitandani na kuacha makochi.

Jambo la pili ni mpangilio. Wengi husafisha flashi kwanza. Lakini kirusi kilichokaa ndani ya kompyuta huinyemelea flashi sekunde chache baada ya kuchomekwa, basi unatwanga maji kinuni. Anza na kompyuta. Sasisha Windows Security, chomoa flashi zote, kisha endesha ukaguzi wa Microsoft Defender Offline. Kompyuta itajizima na kujiwasha, na ukaguzi utafanyika kabla Windows haijaamka, wakati kirusi kimelala. Huchukua kama dakika 15.

Baadaye bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike shell:startup. Faili usilolijua humo, hasa linaloishia na .vbs, lifute. Tazama pia Task Scheduler, kwani kirusi hupenda kujiwekea miadi ya kujirudisha. Kwa shangazi ndiko nilikolikuta pando lenyewe, na yamkini ndilo mafundi waliloliruka.

Ndipo ushike flashi. Ikiwa imepewa herufi E, fungua Command Prompt uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yataonekana tena. Usishangae ukiyakuta ndani ya folda isiyo na jina. Nakili unayoyahitaji, yaani picha, hesabu na barua, na usinakili vijishale wala kitu chochote usichokitambua. Halafu futa flashi yote.

Sitaki kuwaharibia vijana wa duka la filamu riziki yao. Binamu sasa ana flashi yake ya sinema, na inachomekwa kwenye televisheni tu. Kirusi cha Windows hakina la kufanya huko. Kazi za kuchapisha anazituma saiba kwa barua pepe. Picha za marehemu tumezitia kwenye diski ya pili, inayokaa kabatini bila kuunganishwa.

Mkifuata haya yote na bado kinarudi, uliza Windows yenyewe ilitoka wapi. Nyingi za mtaani huamshwa kwa programu ya wizi inayotaka kwanza uzime kinga, na huenda mgonjwa ni hiyo. Tena kama ni Windows 10, Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, basi msilipe fundi kusafisha kabla ya kumuuliza iwapo mashine yenu inaweza kubeba toleo jipya.